Flashi ya bei nafuu kwa picha za kanisa: nini kinunuliwe kwanza

Kila mwaka parokia zinapopanga bajeti ya idara ya mawasiliano, ombi la kwanza huwa ni kamera mpya. Sababu inayotolewa ni ile ile: picha za ibada zinatoka na giza, kanzu nyeupe za kwaya zinaonekana lakini nyuso za waimbaji hazionekani. Jibu letu kwa maombi hayo ni moja. Kabla ya kugusa pesa ya kamera, nunueni mwanga. Kamera ya Canon au Nikon iliyokwisha kutumika miaka kumi, ikisaidiwa na flashi moja isiyozidi dola 80 iliyowekwa mahali pake, itaonyesha uso wa mama wa kwaya vizuri kuliko kamera ya dola 1500 inayopigana na giza peke yake.

Tunawaandikia vijana wa mawasiliano, washirika wetu wanaoishi kwa kupiga picha za arusi, na pia wazee wa kanisa wanaotia sahihi kwenye matumizi bila kujua vizuri wanachonunua.

Kwa nini nyuso zinapotea

Kamera haijui inatazama nini. Inapima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani wa kijivu. Na kanisani mbele yake kuna nini? Dirisha nyuma ya mimbari, kanzu nyeupe, kitambaa cheupe cha meza, na ngozi nyeusi. Inaona weupe mwingi, inadhani mwanga umezidi, inapunguza. Nyuso zinazama.

Jambo hili lina historia. Kwa miaka mingi kampuni ya Kodak ya Marekani iliwapa wasafishaji wa picha kadi za kupimia rangi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizoitwa kadi za Shirley, na rangi za picha zilirekebishwa kufuata ngozi ile. Kadi ya Kodak yenye wanawake wa rangi mbalimbali ilikuja miaka ya 1990. Kwa hiyo mtu anapowaambia kwamba ngozi nyeusi «ni ngumu kupiga», mwulizeni ni nani aliyepanga vipimo.

Ngozi nyeusi inataka mwanga mpana. Flashi iliyo juu ya kamera inarusha mwanga kutoka sehemu ndogo kuliko kiganja, moja kwa moja usoni: paji linang'aa kama limemwagiwa mafuta, mashavu yanakuwa bapa, kivuli cheusi kinasimama ukutani nyuma. Mwanga huo huo ukipita katika mwavuli mweupe wa upana wa mita moja, ukitoka upande na juu kidogo, unateleza juu ya uso na kuonyesha umbo lake. Mng'ao wa ngozi, ambao wapiga picha wengine wanaufukuza kwa poda, sasa ndio unaochora shavu na taya. Hii ndiyo sababu ya kutoa flashi juu ya kamera. Mengine yote katika makala hii ni namna ya kufanya hivyo kwa pesa kidogo.

Flashi au LED?

Vijana wengi wanapenda taa za LED kwa sababu mwanga wake unaonekana kabla ya kupiga. Tufanye hesabu. Flashi ya kawaida ya betri nne ndogo, ikiwaka kwa nguvu yote, inatoa jouli 60 hivi mara moja. Taa ya LED ya wati 60, kamera ikifunguka kwa sekunde 1/60, inaingiza jouli 1 tu katika picha hiyo. Hata tukikubali kwamba LED inatumia umeme wake vizuri zaidi, pengo linabaki kubwa mno. Kwa picha za kusimama, flashi inashinda, na haihitaji jenereta.

Lakini kama parokia yenu inapiga kwa simu tu, au kazi kubwa ni video ya ibada, msinunue flashi hata kidogo. Flashi haisaidii video, na simu za kawaida haziwezi kuiamuru iwake. Hapo nunueni paneli moja ya LED inayokubali betri za aina ya NP-F za Sony, maana betri hizo zinapatikana pengi na zinachajiwa hata kwa sola. Tazameni namba ya CRI kwenye karatasi yake: 95 au zaidi ni nzuri. Chini ya 90, ngozi inageuka kijani au kijivu na hakuna programu itakayoirudisha vizuri. Taa za bei ya chini sana, na balbu nyingi za nyumbani, zinapepesa pamoja na umeme wetu wa hezi 50, yaani mara 100 kwa sekunde. Mistari ikitokea kwenye video, wekeni shata kwenye 1/50 au 1/100.

Flashi ipi

Katika flashi za bei nafuu majina mawili yanaongoza, yote mawili ya Shenzhen nchini China: Godox na Yongnuo. Ushauri wetu wa kwanza ni Godox TT600. Nje ya nchi inauzwa kati ya dola 60 na 80, kabla ya usafiri na forodha. Inatumia betri nne ndogo za AA. Ndani yake kuna kipokezi cha redio cha gigahezi 2.4, maana yake ukiwa na triga juu ya kamera hauhitaji waya wala kifaa kingine upande wa flashi. Nguvu yake imeandikwa 60, sawa na namba iliyokuwa kwenye Canon 600EX-RT ya mwaka 2012, iliyokuwa ya bei ya juu sana. Namba hiyo isiwadanganye lakini. Imepimwa kichwa cha flashi kikiwa kimebanwa kama kwa lenzi ya milimita 200. Ukikifungua kwa upana wa kikundi, inashuka karibu nusu. Wauzaji hawasemi hivyo, na kila kampuni inapima kwa namna inayoipendeza.

Yongnuo YN560 IV ni ya bei inayokaribiana, na ina faida moja: inaweza kupokea ishara na pia kutuma. Ukiwa na mbili, moja inakaa juu ya kamera na kuiongoza nyingine, bila triga. Kama tayari mnayo moja, ongezeni ya pili ya aina hiyo. Kama mnaanza kutoka sifuri, chukueni Godox, kwa sababu triga ile ile itaongoza baadaye taa kubwa zaidi za kampuni hiyo, kama AD200 ya jouli 200, siku pesa itakapopatikana. Kuchanganya familia mbili ndiko kunakojaza masanduku vifaa visivyosemezana.

Kinachokosekana kwenye TT600 ni TTL, ule utaratibu ambao kamera yenyewe inapima na kuchagua nguvu ya flashi. Je, ni hasara? Flashi ikiwa imesimama kwenye stendi na watu wakiwa mahali pamoja, hapana. Nguvu ukishaipanga, inabaki vile vile picha mia. Anayefuata maarusi kutoka mlangoni hadi madhabahuni, mara mita 6, mara mita 2, huyo TTL inamsaidia sana, na kwake tunashauri TT685 ya mfano unaolingana na kamera yake. Bei inapanda, lakini ni chombo chake cha kazi.

Pini ya katikati

Hapa tunaomba msomaji asiruke. Flashi na triga nyingi za bei nafuu zinaamriwa kupitia pini moja ya katikati, kwenye chuma kilicho juu ya kamera. Canon iliiondoa pini hiyo kwenye baadhi ya kamera zake za bei ya chini: EOS 2000D, 4000D na 250D. Ukiweka juu yake triga ya pini moja, haitawaka, na utadhani umeuziwa mbovu. Kamera hizo ziko nyingi mikononi mwa vijana wetu, kwa sababu ndizo zilizokuwa rahisi kununua. Tazameni juu ya kamera kabla ya kulipa: kama hamwoni duara la chuma katikati, msikubali triga yoyote mpaka muuzaji aiwashe mbele yenu kwa kamera yenu wenyewe. Wenye Sony nao wakumbuke kwamba TT600 yao ina herufi S mwishoni.

Triga yenyewe, kwa mfano Godox X2T, inachaguliwa kwa herufi ya kamera: C kwa Canon, N kwa Nikon, S kwa Sony. Wekeni chaneli yenu, msiiache kwenye 1. Arusini wapiga picha watatu wakiwa wote kwenye chaneli 1, kila mmoja anamaliza betri za mwenzake. Na kile kipengele cha flashi kuwaka inapoona flashi nyingine, kinachoandikwa S1 au S2, ni kizuri studio. Kwenye arusi kila mgeni mwenye kamera atawasha flashi yenu.

Mwavuli, stendi na betri

Mwavuli mweupe wa kupitisha mwanga, wa sentimeta 100 hivi, ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote na ndicho kinachobadilisha picha zaidi. Unakunjwa, unabebwa kwenye pikipiki. Softiboksi inaongoza mwanga vizuri zaidi, lakini kwa mwanzo si lazima. Shuka jeupe jembamba lililofungwa kwenye mbao mbili linafanya kazi hiyo pia. Mlishike mbali kidogo na kichwa cha flashi, maana kinapata moto.

Stendi msibane sana pesa. Stendi nyembamba yenye mwavuli juu ni tanga la mtumbwi: upepo mdogo mlangoni unaiangusha, na chini kuna watoto wa Shule ya Jumapili. Fungeni mfuko wa mchanga au jiwe kwenye mguu wake. Goma mawe ya lava hayakosekani. Kati ya stendi na flashi kuna kishikio chenye tundu la mwavuli. Chukueni kile kinachoibana flashi mwili mzima kama Godox S2, kwa sababu vile vidogo vya plastiki vinavunja mguu wa flashi.

Betri za kutupa ni mtego. Zinaonekana rahisi siku ya kwanza, na baada ya arusi tatu mmekwisha lipa bei ya za kuchajiwa. Zikisahauliwa ndani zinavuja na kula chuma. Nunueni za kuchajiwa za NiMH, kama Eneloop, seti mbili za nne, na chaja inayochaji kila betri peke yake. Zinahifadhi chaji kwa miezi, jambo muhimu kwetu ambako umeme unakuja usiku mmoja na kupotea siku tatu. Kwa nguvu yote seti moja inatoa picha mia mbili hivi. Kwa robo ya nguvu, nyingi zaidi sana. Msichanganye mpya na kuukuu katika flashi moja. Flashi za betri ya lithiamu, kama V860, zinarudi haraka na kudumu zaidi, lakini betri hiyo ikifa haipatikani dukani Beni wala Uvira. Anayesafiri kwa ndege aweke lithiamu za akiba kwenye mfuko wa mkononi. Haziruhusiwi kwenye mizigo ya chini.

Jumla: flashi, triga, mwavuli, stendi, kishikio, betri nane na chaja vinafika dola 250 hivi kwa bei za nje. Parokia isiyo na kiasi hicho ianze na flashi na betri tu, na kuiwasha ikiwa juu ya kamera lakini kichwa kikiwa kimegeuzwa kwenye dari au ukuta.

Dari ya aina gani?

Njia hiyo ya kugeuza inategemea jengo, na vitabu vya Ulaya vinadhani kila mtu ana dari nyeupe. Ukuta wa chokaa ni mzuri sana. Tofali zisizopakwa zinarudisha rangi ya machungwa. Bashi la buluu linafanya nyuso za buluu, hata ukirekebisha baadaye. Mabati bila dari yanarudisha mwanga kwa vipande, huku paji likiwaka na kidevu kikikosa. Kanisa la mbao nyeusi linameza mwanga wote. Katika matatu ya mwisho, acheni dari, tumieni mwavuli, au mpeni kijana mmoja ashike ubao mweupe karibu na wanaopigwa.

Kupanga vipimo

Shata inatawala mwanga wa chumba, na haiathiri flashi, mradi isipite mwendo wa kamera, ambao mara nyingi ni 1/200. Ukipita hapo, ukanda mweusi unatokea kwenye picha. Tundu la lenzi na ISO vinatawala vyote viwili. Flashi yenyewe inatawaliwa na nguvu yake na umbali.

Anzeni hivi: ISO 400, f/5.6, 1/125, mwavuli mita 2 kutoka kwa mtu, flashi kwenye 1/8. Pigeni, tazameni uso, msitazame kanzu. Uso ukiwa na giza, ongezeni nguvu hadi 1/4. Ukuta wa nyuma ukiwa mweusi sana, punguzeni shata hadi 1/60, na mwanga wa dirisha utaingia. Kwa kwaya nzima mwavuli unarudi nyuma mita 4. Umbali ukizidishwa mara mbili mwanga unabaki robo, kwa hiyo 1/8 inakuwa 1/2. Msiweke stendi karibu na mwisho wa mstari, kwa sababu mwimbaji wa kwanza ataungua na wa mwisho atapotea. Irudisheni nyuma na kuiinua, ili umbali wa wote ukaribiane. Kwa ubatizo kando ya ziwa saa sita mchana, mwavuli hauna nguvu ya kushindana na jua, na upepo utauchukua. Flashi tupu, karibu, au kivuli cha mti.

Na katika ibada, flashi inanyamaza wakati wa maombi, Meza ya Bwana na kuwekea mikono. Mwangalizi wa ibada asilazimike kumkumbusha mpiga picha.

Za mkono wa pili

Wageni wakati mwingine wanatuachia flashi za wakati wa filamu. Ni zawadi njema, lakini baadhi yake, kama Vivitar 283 za kwanza, zinapitisha volti zaidi ya 200 kwenye pini, na zinaweza kuua kamera ya dijitali. Fundi wa redio apime kwanza pini ya katikati na chuma cha pembeni, flashi ikiwa imewashwa na kujaa. Mtu asiyejua asifungue flashi yoyote: ndani kuna kapasita ya volti 300 hivi, inayopiga hata betri zikiwa zimetolewa.

Uso usiotakiwa kuonekana

Katika sehemu zetu kuna picha nyingine zinazoombwa na wafadhili: za waliokimbia vita, za akina mama walioumizwa. Flashi ile ile inayotoa uso gizani inaweza kuuficha, na ni lazima kila mpiga picha wa kanisa ajue namna, kwa sababu uso mmoja ukitambuliwa kijijini unaweza kumletea mtu kufukuzwa au kifo.

Mkalisheni mhusika mita 2 mbele ya ukuta mweupe. Flashi iwekwe chini nyuma yake, ikitazama ukuta, isimguse yeye. Shata 1/200, ISO 100, ili mwanga wa chumba usiingie. Fungeni madirisha, ondoeni kila kitu cheupe mbele yake, pamoja na shati lenu. Ataonekana umbo jeusi mbele ya mwanga.

Kisha jaribuni kuiharibu siri hiyo ninyi wenyewe. Fungueni picha kwenye simu au kompyuta, pandisheni mwanga mpaka mwisho. Kama macho au mdomo vinatokea, mtu mwingine naye atavipata. Futeni, mpige upya. Kuweka ukungu usoni baadaye kwa programu hakutoshi ikiwa picha ya asili inabaki kwenye kadi au inatumwa kwa mwingine. Tazameni pia kitenge, pete, kovu la mkono, kibanda kilicho nyuma. Jirani anavitambua haraka kuliko uso. Zimeni GPS ya simu na kamera. Usiku msiwashe flashi karibu na kizuizi au kambi ya askari, na triga zenye taa nyekundu zisikae juu ya mfuko mnapopita hapo.

Picha ikipita majaribio hayo, mhusika aonyeshwe kwenye kioo cha kamera, na aelezwe kwa lugha yake itapelekwa kwa nani. Akisema hapana, inafutwa pale pale, akiwa anatazama.